Kanuni ya Saba Uliyoniachia

Baba Zuhura,

Nakuandikia mezani jikoni, Jumapili asubuhi, chai imeshapoa, na sitakuficha: nimechoka nawe. Watu wanaowaandikia wafu wao huanza na machozi. Yangu niliyamaliza wakati wa eda, na yalipokauka nikakuta chini yake hasira imejikalia kimya kama paka mwenye nyumba. Nimeona niitoe hii nayo, na niitoe kwa mpango, maana wewe ulipenda mambo yenye mpango.

Nianze na makopo. Chini ya sinki nimekuta makopo saba ya mtindi, kila moja umelitoboa tundu. Saba! Uliniambia Wayunani wa kale walipima muda wa msemaji kwa chungu cha maji chenye tundu, maji yakiisha na yeye amekwisha. Nikakuuliza kwani simu yako haina saa. Ukanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake. Maji yako hayo yalipenya sakafu ya ukumbi wetu wa mikutano kule Kenton, yakadondokea magunia ya mchele ya Jayanti Bhai dukani chini, na aliyeshuka ngazi kuomba radhi alikuwa mimi. Wewe ulibaki juu ukifafanua hoja.

Ngoja, naenda mbio. Ulikuwa ukiwaambia watoto wa darasa lako la Jumamosi kwamba kwanza ni masimulizi, ndipo hoja, kwa sababu anayesikiliza hawezi kuhukumu jambo asilolijua. Haya, nasimulia. Mengi unayajua. Vumilia, mimi nilikuvumilia miaka ishirini na mitatu.

Korogwe ulikuwa mwalimu wa historia. London ukawa mtu wa kupanga vifurushi ghalani Neasden, na hukulalamika, hilo nakupa. Kisha mwajiri wenu akaleta karatasi: kila mfanyakazi achague darasa moja la jioni. Wenzako wote wakachagua kuendesha folklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Wewe ukachagua Wayunani.

Siku ya kwanza ulirudi umelowa mvua, hukuvua hata koti, ukasimama katikati ya sebule ukasema, "Mama Zuhura, kumbe wale watu hawakuwa na mawakili. Mtu akishtakiwa anasimama mwenyewe. Mji ukitaka kwenda vitani, mshona viatu anasimama mwenyewe. Ndiyo maana walisomesha vijana wao kusema mbele ya watu. Asiyejua kusema si raia, ni abiria."

Nikakwambia uvue viatu, unalowesha zulia.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Neno likawa balagha, sanaa ya kusema. Balagha asubuhi, balagha tukila. Ukabandika karatasi kwenye mlango wa friji: tabia ya msemaji, moyo wa msikilizaji, hoja yenyewe. Nikitaka maziwa lazima nisome. Ukaanzisha darasa la Jumamosi kwa watoto wa Chama chetu, chama cha kuzikana, ambacho wengine walikiona ni cha kuitana mtu akifa na basi. Ukawaambia wazazi kwamba watu wanaozikana hawana budi kwanza kujua kujadiliana. Watoto wakaja kwa sababu ya sambusa zangu, wakabaki kwa sababu yako. Leo unatetea, wiki ijayo unapinga jambo lile lile. Waliozaliwa hapa wanasikia Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza, nawe darasani uliwaacha wachanganye, ukawa mpole, ukawarekebisha polepole. Upole huo nyumbani sijui ulikuwa ukiuacha kwenye basi.

Zuhura alikuwa bora kuliko wote. Unajua hivyo na hukumwambia hata siku moja.

Sasa nafika kwenye mkutano mkuu wa mwaka jana. Wewe mwenyekiti, umekaa mbele na kengele yako. Zuhura ana miaka kumi na tisa, amevaa lile gauni la kijani alilolipiga pasi mwenyewe. Anasimama. Anataka vijana waliozaliwa hapa wahesabiwe wanachama, wapige kura, wasiwe tu wabeba viti. Anaanza kwa Kiswahili, kwa sababu Kanuni ya Saba ya Chama inasema anayesimama atasema Kiswahili, na kanuni hiyo uliiandika wewe. Anasema, "Vijana wetu zinataka kuhesabiwa." Mtu mmoja nyuma akacheka. Hakucheka sana, alicheka kwa pua. Nilikuwa mlangoni mwa jiko na sinia la pilau, nikamwona mtoto shingo inavyoiva. Kisha akaendelea kwa Kiingereza, vizuri, kwa sauti iliyonyooka, kama ulivyomfundisha.

Ukapiga kengele.

"Kanuni ni kanuni," ukasema. "Kaa."

Binti yako, Baba Zuhura. Mbele ya watu wote.

Kwenye korido baadaye ulijaribu kulainisha, nami nilikuwepo nimeshika masufuria. Ukamwambia kwamba Athene mtu akizomewa jukwaani alikwenda kujifunza, akarudi amejiandaa. Naye akakujibu, kwa Kiingereza, polepole ili na mimi nielewe, "Athene mimi nisingeingia kabisa, Baba. Mwanamke hakusema pale. Mama asingeingia. Hata wewe usingeingia. Wewe ni mgeni, umekuja kufanya kazi ghalani. Ungesimama nje ukawasikiliza wenye mji."

Ukasema utamjibu.

Hukumjibu. Mkakaa miezi minane nyumba moja mkipishana kama wapangaji. Akawa anakusemesha kwa Kiingereza tu, hata chumvi anaiomba kwa Kiingereza, nawe ukawa unampa chumvi kwa Kiswahili. Mimi katikati, mkalimani wa chumvi. Mara ngapi nilikwambia, zungumza na mtoto? Ukasema, "Natafuta hoja." Hoja! Mtoto alikuwa anataka baba, wewe unatafuta hoja.

Kisha Januari, kazini, ukakaa juu ya boksi ukawaambia wenzako unapumzika kidogo. Hivyo ndivyo walivyoniambia. Unapumzika kidogo.

Nilikaa eda kwa namna London inavyoruhusu: jiko la shule ninakowapikia watoto, halafu moja kwa moja nyumbani, nguo nyeupe ya eda chini ya koti la kazi. Jioni nilisoma madaftari yako. Nitakwambia kweli nilikuwa natafuta nini. Nilikuwa natafuta mahali ulipoandika kwamba ulikosea. Mstari mmoja tu. Jina la Zuhura tu. Nilitaka kumpelekea daftari, nimwambie, tazama, baba yako alijuta.

Daftari kumi na moja, Baba Zuhura. Nimesoma kuhusu chungu cha maji, kuhusu namna ya kuanza hotuba, namna ya kutuliza watu wenye ghadhabu. Katika daftari la nne nikakuta ukurasa wenye kichwa: Wasioruhusiwa kusema. Ukaorodhesha kwa mwandiko wako mzuri: wanawake, watumwa, wageni wakaazi, watoto wao. Nikajua ndipo hapa. Pembeni ulikuwa umeandika kwa wino mwekundu. Nikavaa miwani. Ulikuwa umeandika: "Hii huja kwenye mtihani."

Nilifunga daftari nikaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Nilipotoka eda, Mzee Kombo alikuja kunipa pole tena na kuomba faili la Chama, maana sasa mwenyekiti ni yeye. Unamjua, dereva wa basi mstaafu, Mpemba, akisimama utadhani bado ameshika usukani. Alikunywa chai, akakusifu sana, kisha akasema kwa masikitiko kwamba darasa la Jumamosi limekufa. Watoto hawaji. Hata mikutanoni vijana hawaonekani tena. "Zuhura alipoacha, wakaacha wote," akasema. "Sijui wana nini watoto wa siku hizi."

Nilimwangalia mzee huyu, nikakuangalia wewe kwenye picha ukutani, nikaona nyote mmevaa uso mmoja, uso wa mtu anayeshangaa kwa nini mlango aliofunga haufunguki. Nikasema, "Mzee Kombo, mkutano ujao niandike. Nina hoja juu ya Kanuni ya Saba."

Akaweka kikombe chini. "Wewe, Mama Zuhura?"

Hakuwa na ubaya. Miaka kumi na minne nimekuja kwenye mikutano ile, na miaka kumi na minne nimekuwa jikoni. Hakuna aliyewahi kusikia sauti yangu ikisema kitu kisichohusu sahani.

Basi nikawa sina mwalimu, kwa kuwa mwalimu amejifia. Nilimwendea Zuhura chumbani, Jumapili kama hii. Nikamwambia nataka kusimama kwenye mkutano na sijui pa kuanzia. Hakuniuliza juu ya nini. Alijua. Akashuka, akavuta kiti, akakaa hapo hapo unapokaa wewe, miguu imenyooshwa chini ya meza kama wewe, akaniambia kwa Kiingereza nianze kwa kuitetea.

"Kuitetea nini?"

Kanuni, akasema. Kabla hujaipinga, itetee mpaka mwenye kanuni akushukuru.

Nilimwambia anakaribia kuniudhi kama baba yake. Akacheka, mara ya kwanza tangu Januari. Lakini hakulegeza. Wiki tatu nilikuwa nikisimama kati ya friji na jiko nikiitetea kanuni iliyomfukuza mwanangu, naye amekaa ananikatiza. Hoja dhaifu, Mama. Umerudia, Mama. Nikasema Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Akasema hiyo ni nembo, si hoja. Nikasema bila kanuni lugha itakufa. Akasema afadhali, lakini bado. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, mke wako, sikuwahi kujiuliza: kabla ya kanuni kuwepo, ilikuwaje? Nani alikuwa anasema, na nani alikuwa hasemi?

Nikasimama pale na mwiko mkononi.

Kwa sababu nilikumbuka. Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimeliweka mahali nisipopita. Mwaka ule wa mwanzo, tulipokuwa tukikutana bado bila kanuni yoyote, mwenyekiti alikuwa yule bwana msomi aliyehamia Amerika baadaye. Mwenzetu mmoja alikuwa amefariki hospitalini, mwanamke asiye na ndugu hapa, nami nikasimama kuuliza nani atamwosha. Hilo tu. Nilisimama kwa sababu hakuna aliyeliuliza. Yule bwana akanijibu kwa Kiingereza kirefu, akamalizia kwa jambo fulani, na watu wakacheka. Mimi nikacheka pamoja nao. Nilicheka, Baba Zuhura, nisijue kwamba ninayechekwa ni mimi. Nilipojua nilikaa, na sikusimama tena. Mkutano uliofuata nikaenda jikoni, na jikoni kukawa kwangu.

Wewe hukucheka siku ile. Ulikuwa kiti cha pembeni yangu. Kwenye basi ulitazama dirishani mpaka tukalipita hekalu la Neasden, hukusema kitu, nami nikashukuru kwamba husemi kitu. Mwezi uliofuata ukaja na karatasi ya kanuni, na ya saba ilikuwa hiyo.

Nikaenda kuitoa kwenye faili ambalo Mzee Kombo alikuwa bado hajarudi kulichukua, nikamsomea Zuhura yote, maana miaka yote mikutanoni husomwa nusu tu. "Anayesimama kusema katika mkutano atasema Kiswahili, ili kila aliyeketi aelewe na aweze kujibu."

Zuhura akatoa miguu chini ya meza. Akauliza, kwa Kiswahili, "Aliandika kwa ajili yako?"

Nikasema sijui. Nikasema ndiyo.

Sasa nielewe vizuri ninakuuliza nini. Uliniwekea mlango, kisha miaka kumi na minne ukaniona nikipita na masinia mbele ya mlango huo, na hukuniambia, "Mama Zuhura, huu ni wako, pita." Ulidhani nitajua? Mtu anayebandika karatasi kwenye friji, anayemhutubia hata mleta barua, kwa mkewe ndiyo akawa bubu? Halafu mlango huo huo ukamfungia mwanangu usoni. Na kama ulikuwa unautetea kwa ajili yangu siku ile ulipopiga kengele, basi nimekuwa sababu ya jambo nililokuchukia kwalo miezi minane, nami sikuwa na habari. Mwanamume msemaji kama wewe. Sijui nikufanye nini.

Siku ya mkutano nilipika mapema nikamwachia Bi Sauda, mwenzangu wa jikoni, kupakua. Nikakaa mstari wa pili. Jayanti Bhai alikuwa amepanda kuwasha hita, na kwa kuwa ni mzaliwa wa Moshi, Kiswahili anakijua na maneno anayapenda, akabaki mlangoni akijifanya anatazama bomba. Zuhura alikuja nyuma yangu, akakaa karibu na mlango, hajavua koti.

Mzee Kombo akaniita. Nikasimama. Nikasema, "Mimi ni mjane wa aliyeiandika kanuni hii, na nitaanza kwa kumtetea." Hiyo niliifanya makusudi, nikawaona wazee wanajiegemeza vizuri kwenye viti. Tabia ya msemaji. Laana ya friji yako.

Nikawasimulia mwaka ule. Nikawasimulia nilivyouliza nani atamwosha marehemu, na nilivyocheka. Sikumtaja yule bwana vibaya. Nilisema tu kwamba nilicheka. Walikuwepo watu wanne au watano waliokuwepo siku ile, nao walikuwa wakitazama mikono yao.

Kisha nikasoma kanuni yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili. Nikasema, "Ili kila aliyeketi aelewe na aweze kujibu. Hiyo ndiyo nia yake. Iliandikwa ili mtu asikalishwe kwa kicheko. Mwaka jana tukaishika kwa mdomo tukaiacha nia, tukamkalisha mtoto kwa kicheko kile kile." Nikaleta pendekezo: anayesimama atasema kwa lugha anayoiweza, wala hatakaa mpaka maneno yake yamefika kwa Kiswahili kwa kila aliyeketi.

Mzee Kombo alisimama kunijibu, na alisema vizuri, sitamnyima haki yake. "Mama Zuhura, marehemu alikuwa ndugu yangu. Lakini lugha ni njia ya miguu, isipopitwa inaota majani. Nyumbani watoto wanatujibu Kiingereza. Shuleni Kiingereza, kazini Kiingereza. Ukumbi huu ndio mahali pa mwisho. Ukifungua hapa, Kiswahili tutakizika wenyewe, na sisi ni chama cha kuzikana, tutakizika vizuri sana."

Watu wakacheka, na safari hii nilikielewa kicheko.

Nikamwambia, "Mzee Kombo, hoja hiyo nimeisema jikoni kwangu wiki tatu, na niliisema kwa nguvu kuliko wewe. Ni ya kweli. Lakini hebu geuka utazame viti. Mwaka jana nyuma kule walikaa vijana kumi na wawili. Leo yupo mmoja, na hajavua koti. Hiyo lugha tunamlindia nani?"

Akageuka. Kweli aligeuka, Baba Zuhura, akatazama kiti kwa kiti. Kisha akasema tupige kura.

Tukawazidi kwa mikono mitatu. Mmoja wa ile mitatu ulikuwa wa Mzee Kombo mwenyewe, aliuinua nusu, kama mtu anayesimamisha basi asiye na hakika ni lake.

Nami nikadhani kazi imekwisha, nikawa nakaa, nikasikia kiti nyuma. Zuhura amesimama. Akasema kwa Kiswahili, "Naitwa Zuhura." Kisha akaanza kwa Kiingereza, na baada ya sentensi moja akanitazama. Kanuni mpya ilikuwa na umri wa dakika mbili na hatukuwa tumechagua mkalimani.

Kiingereza cha meneja wangu wa jikoni kinanipita nusu. Cha Zuhura sikosi neno, nimekisikiliza tangu kilipoanza kuota meno. Nikasimama tena. Sentensi aliyokuwa amesema ni hii, nami ilinibidi niiseme kwa sauti yangu, kwa mdomo wangu, mbele ya wazee wote: "Baba yangu alinifundisha kusimama, kisha akaniketisha."

Nilisema "baba yangu" nikikumaanisha wewe. Akaningoja. Akaendelea, nami nikaendelea.

"Nilimkasirikia, na alikufa nikiwa bado nimemkasirikia. Sikuja kumsema, hayupo kujibu. Nimekuja kuomba kile nilichokuja kuomba siku ile. Sisi tuliozaliwa hapa tuhesabiwe. Tukifa mtatuzika, hilo halina mjadala, mnatuzika vizuri. Basi tusikilizeni tukiwa hai."

Nilipomaliza neno la mwisho alikaa, akavua koti.

Ungependa nikwambie walikubali. Wakaunda kamati! Mkutano mzima umelia, Bi Sauda anafuta macho kwa kitambaa cha sahani, halafu mtu anainua mkono kusema suala ni zito liundiwe kamati. Nilitaka kuwapiga na mwiko. Wajumbe ni Mzee Kombo, Zuhura, na mimi. Tukishuka ngazi Jayanti Bhai akanisimamisha, akasema miaka yote anasikia sauti za wanaume tu zikipita kwenye dari yake, leo imepita ya mama, na imefika mpaka kwenye mchele. Nikamwambia afadhali sauti kuliko maji.

Kamati imekutana mara mbili, kwenye mkahawa wa Waarabu Edgware Road kwa sababu Mzee Kombo hawezi kufikiri bila kahawa yao. Anamwambia Zuhura, "Vijana wanataka, binti. Wa. Si zi." Anamjibu, "Najua." "Unajua lakini husemi." Na Zuhura naye ameanza kumkatiza: hoja dhaifu, Mzee. Umerudia, Mzee. Nawatazama wale wawili nachoka, maana nakuona wewe mara mbili. Lakini Jumamosi iliyopita watoto watano walirudi darasani. Anawafundisha Zuhura. Mmoja alimwuliza kama Wayunani walikuwa watu wazuri, akasema hapana, si wote, lakini walijua jambo moja, na tunalichukua hilo jambo na kuwaachia mengine. Hukumfundisha hivyo. Hilo ni lake.

Aliniuliza juzi kama nadhani ungemjibu mwishoni. Ningeweza kumdanganya. Nilimwambia sijui. Nilimwambia ulikuwa mtu wa kuandaa jibu mpaka swali linaondoka. Akasema hata yeye yuko hivyo, akaenda kuoga.

Kwa hiyo nimebaki nawe namna hii. Kukusamehe nakusamehe, lakini kwa mafungu, na fungu la leo nimekwisha kulitoa. Usinisukume.

Siku uliyozikwa wanaume walikubeba, na sisi wanawake tukabaki nyumbani na visomo. Waliporudi, wengi walikusema kwa uzuri, Mzee Kombo alisema, mkubwa wako wa kazini alisema, hata yule aliyecheka kwa pua alisema. Hakuna aliyegeuka kuniuliza kama nina neno. Ninalo. Ni hili hapa, na limenichukua karatasi sita.

Haya, lala, Baba Zuhura. Mola akupe huko utulivu ambao hapa hukuutaka. Nakuahidi jambo moja: kamati ikishatoa uamuzi, uwe wowote, nitapanda basi nije mwenyewe kaburini kwako, nisimame, nikueleze kwa sauti mpaka mwisho, na safari hii utanisikiliza.

Mkeo,
Mwanaisha